Dawa Iliyo Stoo na Dawa Iliyo Mkononi: Upimaji Uanzie Nyumbani kwa Mgonjwa

Upatikanaji wa dawa ni miongoni mwa maneno yanayosikika mno katika taarifa za afya nchini. Husomwa bungeni wakati wa bajeti, huandikwa katika ripoti za halmashauri na hutajwa katika kila kikao cha wataalamu wa afya. Mara nyingi maneno hayo hufuatwa na asilimia. Asilimia hiyo hutokana na orodha fupi ya dawa muhimu: kituo kikikutwa nazo huhesabiwa kuwa kinazo, kikikosa huhesabiwa kuwa hakina. Hesabu hii ni halali na ni ya lazima, kwa kuwa bila hiyo Bohari ya Dawa isingejua ipeleke nini, wapi na kwa kiasi gani. Hata hivyo, swali inalolijibu ni moja tu: je, dawa ipo kituoni?

Mgonjwa ana swali lake. Je, nimeipata? Je, nimeweza kuilipia? Je, nimeimeza hadi mwisho wa dozi? Majibu ya maswali hayo hayamo katika stoo ya zahanati. Yamo nyumbani, katika bahasha ya dawa iliyotundikwa ukutani, na katika cheti kilichokunjwa ndani ya daftari la matibabu kwa sababu fedha ya kununua dawa haikupatikana. Hoja ya makala hii ni kwamba upatikanaji wa dawa upimwe pia kwa kwenda katika kaya na kuwauliza waliougua, na kwamba Mkoa wa Mwanza, uliohesabiwa kuwa na watu takriban milioni 3.7 katika Sensa ya mwaka 2022, wengi wao wakiishi mwambao wa Ziwa Victoria na visiwani, una sababu kubwa ya kuufanya upimaji huo kuwa desturi ya kudumu.

Tulivyozoea kuhesabu

Mazoea ya kuhesabu dawa vituoni yana historia ya kuheshimika. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977. Miaka michache baadaye, mwaka 1984, Tanzania ilianza mpango wa dawa muhimu kwa msaada wa Denmark, na zahanati na vituo vya afya vijijini vikawa vinapokea makasha ya dawa yaliyokwisha kupangwa. Mwaka 1993 Bunge lilitunga sheria iliyoanzisha Bohari ya Dawa, na kadiri miaka ilivyosonga vituo vilitoka katika kupokea makasha na kuanza kuagiza dawa kulingana na mahitaji yao. Katika safari hiyo yote, swali la msimamizi lilikuwa lile lile: kasha limefika? Oda imekuja? Rafu ina nini?

Hata mbinu za kimataifa zimejengwa juu ya msingi huo. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani na shirika la Health Action International zilitoa mwongozo wa kupima bei na uwepo wa dawa. Watafiti huenda katika vituo vya umma na maduka ya watu binafsi, wakatafuta dawa zilizomo katika orodha, wakaandika bei, kisha wakailinganisha na bei ya rejea ya kimataifa. Katika Malengo ya Maendeleo Endelevu nako, kigezo cha dawa muhimu huhesabu vituo vyenye dawa zinazopatikana kwa bei inayomudika. Kinachohesabiwa ni vituo.

Hatusemi kwamba kazi hiyo haina faida. Mwaka 2014 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha utafiti ulioongozwa na Dkt. Robert Peck, uliokagua vituo 24 nchini Tanzania ili kuona kama viko tayari kuwatibu wagonjwa wa nje wenye shinikizo la damu na kisukari. Ulionyesha kwamba miongozo, vifaa vya kupimia na dawa za kuanzia matibabu vilipungua sana, na kwamba upungufu ulikuwa mkubwa zaidi katika ngazi za chini, yaani zahanati na vituo vya afya. Bila kukagua vituo tusingelijua hilo. Lakini ukaguzi wa aina hiyo, hata ufanywe kwa umakini wa namna gani, hauwezi kumwona mgonjwa ambaye hakuja. Hauwezi pia kumfuata aliyekuja akaondoka na nusu ya alichoandikiwa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Safari ya cheti kimoja

Tuchukulie bibi anayeishi katika kisiwa kidogo kisicho na zahanati. Mjukuu wake ana homa, anakohoa na anaharisha. Anasubiri mtumbwi wa abiria, analipa nauli, anavuka, anafika kituoni. Mganga anampima mtoto na kumwandikia dawa nne: dawa ya mseto kwa malaria, amoksilini kwa kifua, chumvichumvi za kuongeza maji mwilini pamoja na vidonge vya zinki, na parasetamo. Siku hiyo kituo kina dawa ya mseto na parasetamo. Kwa zilizobaki anapewa cheti. Katika Duka la Dawa Muhimu lililo jirani fedha yake inatosha amoksilini ya siku mbili, na ananunua hiyo. Chumvichumvi na zinki zinaahirishwa hadi atakapopata hela.

Sasa tuangalie kila kipimo kinasema nini kuhusu mtoto huyu. Kitabu cha MTUHA kinaonyesha kwamba alionwa na kutibiwa. Ripoti ya dawa inaonyesha kwamba dawa ya mseto ilikuwapo. Muuza duka anakumbuka kwamba amoksilini iliuzwa. Kila kumbukumbu ni ya kweli kwa upande wake, na zikijumlishwa zinatoa picha ya mtoto aliyehudumiwa vizuri. Ukweli ni kwamba mtoto huyu alipata dawa mbili kamili kati ya nne, ya tatu akaipata nusu, na ya nne hakuipata kabisa. Na ile nusu ni hatari kwa namna yake, kwa sababu vijidudu vinavyokutana na dozi isiyokamilika ndivyo vinavyojifunza kuishinda dawa. Ukweli huo unajulikana na mtu mmoja tu, naye ni bibi. Usipomfuata nyumbani kumwuliza, hutaujua.

Mwaka 1981 wanazuoni wawili wa Marekani, Penchansky na Thomas, waliichambua dhana ya kupata huduma katika sehemu tano: kuwapo kwa huduma, kufikika kwake, kulingana kwa utaratibu wake na maisha ya mtu, kumudu gharama zake, na kukubalika kwake. Watafiti wa afya nchini mwetu wameutumia uchambuzi huo kwa namna mbalimbali. Ukiutazama kwa jicho la mwambao wa ziwa, utaona kwamba rafu ya zahanati inajibu sehemu ya kwanza tu. Sehemu nne zilizobaki zinategemea upepo wa ziwa, nauli ya mtumbwi, saa ambazo dirisha la dawa liko wazi, kipato cha wiki ile, na imani ya mgonjwa juu ya kidonge alichopewa.

Kaya ya mwaloni

Ili upimaji wa nyumbani uwe na maana, ni lazima uyajue maisha ya watu unaowapima. Katika takwimu zetu, kaya hueleweka kuwa watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Tafsiri hii inafaa katika vijiji vingi vya Kwimba au Misungwi. Katika mialo na kambi za wavuvi za Ukerewe, Sengerema na Buchosa mambo ni tofauti. Vijana kumi hula chungu kimoja kwa wiki tatu, kisha hutawanyika. Mvuvi ana mke na watoto bara, na kitanda chake kipo kisiwani. Akiugua kambini, mkewe atakapoulizwa na mdadisi atasema nyumbani hakuna mgonjwa. Mdadisi akifika kambini, naye atakuta watu ambao hawamo katika orodha ya kitongoji. Mtu huyo hupotea kwa pande zote mbili, ilhali ndiye anayekaa majini na kuambukizwa kichocho kila siku.

Kipato nacho kina kalenda yake. Mwongozo wa mwaka 2003 tulioutaja hupima kumudu dawa kwa idadi ya siku ambazo mfanyakazi wa serikali wa ngazi ya chini angefanya kazi ili ailipie. Kipimo hicho husaidia kulinganisha nchi na nchi, lakini mvuvi wa dagaa hana mshahara wa siku. Yeye huvua usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Mbalamwezi inapokuwa pevu, taa hazivuti dagaa na mitumbwi hupumzishwa kwa siku kadhaa. Utafiti utakaofanyika wakati wa giza utakuta watu wenye fedha ya dawa, na utakaofanyika wakati wa mbalamwezi utakuta watu wale wale wakikopa. Kwa mkulima wa pamba wa Magu au Kwimba, tofauti iko kati ya miezi ya kuuza pamba, katikati ya mwaka, na miezi ya kusubiri mavuno. Kwa hiyo upimaji wa mara moja hautoshi; angalau ufanyike mara mbili, katika majira mawili yasiyofanana.

Umbali pia una hila zake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa tafiti za kaya kuhusu dawa hugawa kaya kulingana na umbali kutoka kituo cha umma: zilizo ndani ya kilomita 5, zilizo kati ya kilomita 5 na 10, na zilizo mbali zaidi. Ni mgawanyo mzuri kwa nchi kavu. Kilomita 5 za maji zenye mawimbi ya mchana si sawa na kilomita 5 za njia ya baiskeli. Hata barabara hubadili hesabu: tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, mgonjwa wa Sengerema anayepewa rufaa kwenda Mwanza mjini hasubiri tena kivuko. Dodoso letu linapaswa kuuliza muda na nauli, kisha ndipo liulize kilomita.

Namna ya kuuliza

Wapo wanaodhani utafiti wa kaya ni jambo jepesi, kwamba ukishafika mlangoni ukauliza utajibiwa. Utajibiwa, ndiyo. Tatizo ni jibu gani. Mwulize yule bibi, “Je, mjukuu alipata dawa?” Atasema, “Alipata, tunashukuru.” Hasemi uongo, kwani mtoto alipata dawa. Tena mgeni akifika nyumbani kwa watu wenye adabu hapokelewi kwa malalamiko. Swali la jumla huvuna jibu la heshima.

Swali lenye manufaa hufuata dawa moja moja. Siku ile mliandikiwa dawa ngapi? Je, tunaweza kukiona cheti au daftari? Hii ya kwanza mlipewa kituoni? Hii ya pili mlinunua? Vidonge vingapi? Vimebaki vingapi? Hii ya tatu, kwa nini hamkuipata: haikuwapo, ilikuwa ghali, duka lilikuwa mbali, au mliona haina haja? Kwa ugonjwa wa ghafla maswali yasirudi nyuma zaidi ya wiki mbili, kwa maana kumbukumbu huchoka. Kwa magonjwa ya kudumu, kama vile presha, kisukari, kifafa na pumu, ni bora kuomba kuziona dawa zenyewe. Mgonjwa wa presha mwenye bahasha tupu tangu mwezi uliopita anaeleza mengi kuliko ndiyo au hapana. Bahasha yenyewe hutoa ushahidi mwingine: je, imeandikwa jina la dawa na namna ya kuitumia, au ni karatasi nyeupe yenye vidonge visivyo na jina?

Lugha nayo itazamwe. Neno dawa katika Kiswahili lina mapana makubwa: ni kidonge cha hospitali, ni mizizi ya mganga wa jadi, ni dawa ya kunyunyizia pamba. Katika Kisukuma neno bugota nalo halikomei katika vidonge. Mzee akisema anatumia dawa ya presha, mdadisi asiandike jibu kabla ya kuuliza ni dawa ipi na ilitoka wapi. Wala asimdharau mzee akijibu kwamba ni mizizi, kwa kuwa jibu hilo ni takwimu muhimu: linatueleza kwamba dawa ya hospitali ilishindwa kumfikia, au ilimfikia ikashindwa kumridhisha. Mahojiano yafanyike kwa Kiswahili pale kinapotosha, na kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kizinza pale ambapo mhojiwa atajieleza kwa uhuru zaidi.

Yapo pia maradhi yasiyotajwa mbele za watu. Mwanamke anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI huenda amezificha hata kwa mumewe. Mdadisi anayeomba kuona dawa zote za nyumba mbele ya familia nzima anaweza kuvunja ndoa kwa swali moja. Kila mtu mzima ahojiwe peke yake, aelezwe kwamba ana haki ya kukataa, na jina lake lisiwekwe pamoja na majibu yake. Kwa sababu hiyo hiyo, muuguzi wa zahanati asitumwe kuwahoji wagonjwa wake mwenyewe. Nani atamwambia nesi wa kijijini kwake kwamba dirisha la dawa hufungwa mapema?

Mwanza iliwahi kuonyesha njia

Kupima mafanikio ya dawa kwa kuwatazama watu wenyewe si jambo geni mkoani hapa. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti, wakishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, walifanya majaribio makubwa ya kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza. Sita zilipata huduma iliyoboreshwa: watumishi walifundishwa, walitembelewa na wasimamizi mara kwa mara, na zaidi ya yote dawa zilifika bila kukatika. Sita nyingine zilisubiri. Katika kila jamii waliteuliwa watu wazima wapatao 1,000, wakahojiwa na kupimwa mwanzoni, kisha wakafuatwa tena baada ya miaka miwili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa asilimia 1.2 katika jamii zilizoboreshewa huduma na asilimia 1.9 katika jamii za kulinganishia, tofauti ya karibu asilimia 40. Dunia nzima ilisoma matokeo hayo.

Fikiri kama watafiti wale wangeishia kuhesabu makopo ya dawa katika zahanati. Wangeandika kwamba dawa zilifika, na habari ingeishia hapo. Kwa kuwafuata watu, waliweza kusema dawa zilifanya nini katika maisha yao. Vilevile, katika kata ya Kisesa wilayani Magu, watafiti wamekuwa wakirudi kaya kwa kaya tangu mwaka 1994 kufuatilia vizazi, vifo, uhamaji na maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Uwezo wa kufanya kazi hii, basi, tunao.

Majirani zetu nao wana uzoefu wa dawa hasa. Kati ya mwaka 2007 na 2010 tafiti za kaya kuhusu upatikanaji na matumizi ya dawa zilifanyika katika nchi tano za Afrika: Gambia, Ghana, Nigeria, Kenya na Uganda. Mbili za mwisho zinachangia nasi ziwa hili. Hapa nchini, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na viashiria vya malaria, ambao wa karibuni ulifanyika mwaka 2022, huwauliza akina mama kama mtoto aliye chini ya miaka mitano alipata homa katika wiki mbili zilizopita, alipelekwa wapi na alipewa dawa gani. Ni maswali mazuri, yenye kuthibitisha kwamba kaya inaweza kuulizwa ikajibu. Yanahitaji kupanuliwa ili yamfikie babu mwenye kisukari, msichana mwenye kifafa na mvuvi mwenye kichocho.

Kichocho kinatupa mfano wa karibu zaidi. Dawa ya prazikwanteli hugawiwa kwa wingi shuleni, ambako mtoto hupimwa urefu kwa fimbo yenye alama na kupewa vidonge vinavyolingana na kimo chake. Rejesta ya shule huonyesha vidonge vilivyotumika. Haionyeshi mtoto asiyesoma, mdogo ambaye hajafikia umri wa shule, wala mtu mzima anayeshinda majini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba katika maeneo yenye maambukizi mengi tiba hiyo itolewe kwa kila anayestahili kuanzia umri wa miaka miwili, watu wazima wakiwamo. Je, tutajuaje kwamba pendekezo hilo limetekelezwa kwetu? Kuhesabu makopo yaliyofunguliwa hakutatosha. Itabidi tubishe hodi, tuulize nyumba kwa nyumba nani alimeza na nani aliachwa.

Wanaopinga wana hoja

Pingamizi la kwanza ni gharama. Kuzunguka visiwa kwa boti, kulipa posho za wadadisi, kuchapa na kuchambua madodoso, yote hayo yanahitaji fedha ambayo ingenunua dawa. Hoja hii ina uzito. Lakini hatuombi sensa. Sampuli ya kaya mia kadhaa, zikichaguliwa kwa bahati nasibu katika vitongoji vya nchi kavu, mwambao na visiwani, inatosha kuonyesha mwelekeo wa halmashauri. Dawa inayonunuliwa, ikasafirishwa, ikahifadhiwa, kisha ikaisha muda wake kwa kuwa wanaoihitaji hawakuweza kuifikia, nayo ni gharama, tena isiyoleta nafuu kwa yeyote.

Pingamizi la pili ni kwamba watu husahau au huficha. Ni kweli, na ndiyo sababu tumesisitiza muda mfupi wa kukumbuka, kuonyeshwa vyeti na bahasha, na faragha. Tukumbuke pia kwamba vitabu vya stoo navyo hukosea, na havina aibu ya kumfanya mtu asite.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote: waliokufa kwa kukosa dawa hawapo nyumbani kujibu. Utafiti wa kaya unaowauliza walio hai pekee utapata picha nzuri kuliko hali halisi. Kwa hiyo dodoso liwe na nafasi ya kuuliza, kwa upole na kwa ruhusa, kama kaya ilifiwa katika mwaka uliopita, na kama marehemu aliandikiwa dawa ambayo haikupatikana. Swali hilo ni gumu kuuliza na ni gumu kujibiwa. Kuliacha ni sawa na kuwafuta marehemu hao katika hesabu.

Tunachopendekeza

Kwanza, kila halmashauri ya mkoa huu ifanye upimaji mdogo wa kaya mara mbili kwa mwaka, ukiwa na maswali machache yasiyobadilika ili mwaka ulinganishwe na mwaka. Chuo kikuu cha afya kilichopo Bugando na vyuo vingine vya afya vya Kanda ya Ziwa vinaweza kuandaa sampuli na kuchambua majibu, na wanafunzi wakajifunza huko maisha ya wagonjwa wao watarajiwa. Serikali ilizindua mwaka 2024 mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wahudumu hao wanavijua vitongoji, na wakitumwa kuhoji nje ya maeneo yao ya kazi, watafaa sana kuwa wadadisi.

Pili, asilimia inayoandikwa katika ripoti ya halmashauri iambatane na nyingine: kati ya dawa zote walizoandikiwa wagonjwa waliohojiwa, ngapi zilipatikana kwa dozi kamili, na ngapi kati ya hizo walizinunua wenyewe. Takwimu hiyo itazungumza pia juu ya msamaha wa gharama. Sera yetu inawasamehe wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza. Mzee anayesamehewa malipo ya dirishani, kisha akapewa cheti akanunue dawa mtaani, msamaha wake umeishia mlangoni.

Tatu, majibu yarudi kwa waliojibu. Yasomwe katika kamati ya usimamizi wa kituo na katika mkutano mkuu wa kijiji, kwa lugha nyepesi. Watu wamechoka kuhojiwa na wageni ambao hawarudi. Mwananchi akiona kwamba jibu lake la mwaka jana limefanya zahanati iagize dawa ya kifafa, mwaka huu atafungua mlango kabla hujabisha hodi.

Kwa wenzetu wahudumu wa afya, tunajua kwamba wengi wenu mnaandika cheti cha kununua dawa kwa moyo mzito, na kwamba lawama za kukosekana dawa huwaangukia ninyi mliopo dirishani. Upimaji huu usichukuliwe kuwa fimbo ya kuwachapia. Ni ushahidi mtakaoushika mkononi mnapoomba oda iongezwe, kwa kuwa utaonyesha mahitaji ambayo vitabu vyenu havina nafasi ya kuyaandika. Jambo moja mnaweza kulianza kesho bila kusubiri waraka: kwa kila dawa unayoiandika na haipo, mwulize mgonjwa kama ataweza kuinunua yote. Akisema hataweza, mwambie ipi ianze kununuliwa, na ipi isinunuliwe nusu.

Na wewe ndugu mgonjwa, tunza cheti na bahasha zako. Mdadisi akija, usimjibu kwa adabu tu; mjibu kwa ukweli. Mwambie ulichoandikiwa, ulichopewa, ulichonunua na ulichokiacha. Kusema kwamba dawa hukuipata si kumchongea mtu, wala si kukosa shukrani. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga, maana njaa yake inajulikana na wajibu wa anayemuuguza ni kumpikia. Kwa dawa mambo ni kinyume: usipoulizwa, na ukiulizwa usiposema, aliye ofisini ataendelea kusoma asilimia yake na kuamini kwamba umepona.